Barua Zisizokauka

Mjini Falmouth, bandari ya Uingereza, watu walimwita Digory Penaluna, mpekuzi wa meli, Mjomba Sindano, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Meli ya barua ilipotia nanga, iwe imetoka Lisbon, Jamaika au Halifax, yeye ndiye aliyepanda wa kwanza, kabla ya mke wa nahodha, kabla ya mchungaji, kabla hata ya muuza bia. Mkononi alishika chuma chembamba chenye ncha, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Kwa chuma hicho alichoma magodoro, mikate, mapipa ya unga na makoti yenye bitana. Alikuwa akitafuta barua.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kila barua isafiri ndani ya mfuko wa Mfalme, ilipiwe, igongwe muhuri. Baharia wa meli ya barua haruhusiwi kubeba hata kikaratasi cha shangazi yake, na kabla ya safari huapa kwa Biblia kwamba hatabeba. Wote waliapa, na wote walibeba. Mjane wa Penryn akikujia na kikaratasi cha kumpelekea mwanawe aliyeko Barbados, naye hana cha kulipia, utamwambia nini? Kiapo kile watu wa pwani walikiitikia kama salamu, kisha wakaendelea na safari zao. Digory peke yake ndiye aliyekichukulia kuwa kiapo.

Tena alikuwa na sharti lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyemwekea. Alitembea na sanduku dogo la mwaloni lenye tundu juu na kufuli ubavuni. Barua aliyoikamata aliigeuza kifudifudi, jina likatazama chini, akaitumbukiza humo bila kuisoma. Miaka ya nyuma walimzushia kwamba amemwachia shemeji yake barua, na uzushi ule ulimuuma hadi kwenye mfupa. "Jina si kazi yangu," alikuwa akisema tangu hapo. Alijivunia sana sharti hilo. Mimi naona kiburi cha mwadilifu ni kibaya kuliko cha tajiri, maana tajiri angalau anajua kuwa anaringa.

Digory na mkewe Thomasine walijaliwa mtoto mmoja tu, Jory, na Jory akawa baharia wa meli ya barua iliyoitwa Lamorran. Septemba mwaka 1812, Uingereza ikipigana na Wafaransa huku na Wamarekani kule, Lamorran ilikuwa njiani kutoka Barbados ilipofukuzwa na meli ya Wamarekani tangu alfajiri. Amri katika hali hiyo inajulikana na kila mtu bandarini: mfuko wa barua usiingie mikononi mwa adui. Kwa sababu hiyo hufungwa vipande vya chuma, ukitupwa unazama papo hapo. Jory ndiye aliyeambiwa autose. Akauinua, akautupa, na kamba yake ikawa imemzunguka kifundo cha mguu. Wenzake walisema hakupata hata nafasi ya kupiga ukelele. Robo saa baadaye upepo uligeuka, Lamorran ikaponyoka, na kumbe mfuko umetoswa bure.

Habari hizo zililetwa jikoni kwa Penaluna na Hannibal Chegwidden, msaidizi wa nahodha, kofia yake ikizunguka mikononi.

"Alikuwa ameniandikia?" Thomasine aliuliza.

"Alikuandikia, Shangazi. Kurasa nne. Alikuwa anakaa juu ya pipa anatafuna kalamu, tunamcheka, tunamwambia we Jory, unaandika barua au unaandika Agano la Tatu?"

"Iko wapi?"

Chegwidden alimtupia Digory jicho. "Nilimwambia nipe nikufichie kwenye shati, kama sisi wote. Zetu zimefika, Mjomba, zile ambazo sindano yako haikuzipata. Yeye akagoma. Akasema, baba ndiye atakayepanda kunipekua, nitamtazamaje usoni? Basi akailipia kama bwana mkubwa, akaitia kwenye mfuko wa Mfalme."

Thomasine aliinuka akafagia jiko lililokwisha kufagiwa.

Baada ya siku ile alizungumza na mumewe kama kawaida, lakini ni habari za kuni, samaki wa chumvi na paa linalovuja. Bahari hakuitaja tena. Ila kila meli ilipoingia alivaa shali yake, akateremka hadi ngazi za mawe za gati, akasimama miongoni mwa wanawake wenzake. Watu walidhani huzuni imemchanganya akili. Yeye alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu aliniandikia." Alilisema kama mtu aliyeagiza kitu dukani na bado hajaletewa.

Barua ya kwanza yenye maji ilipatikana Novemba mwaka uliofuata, katika meli iliyotoka Lisbon. Digory alimpekua baharia aitwaye Pascoe Uren, akapitisha mkono ndani ya shati lake, na vidole vikagusa kitu baridi kiasi cha kumfanya aurudishe mkono. Alipokitoa ilikuwa barua, imelowa chapachapa, na maji yanachuruzika hadi kwenye mbao za sitaha.

"Nini hii?"

"Haki ya Mungu, Mjomba, siijui!"

"Imejileta yenyewe?"

"Shika shati langu! Shika, kavu! Nimelala nalo usiku kucha. Kitu kinachovuja hivyo kingekaa vipi kifuani kwangu nisijue?"

"Nyinyi hamjui kitu kamwe. Ningewauliza majina ya mama zenu mngesema hamjui."

Wenzake Uren walicheka, ila Uren hakucheka. Alikuwa ameiona anwani kabla barua haijageuzwa, na uso wake ukawa mweupe kama mshumaa. Digory akaitumbukiza kifudifudi kwenye sanduku, akashuka.

Njia nzima hadi ofisi ya wakala wa barua sanduku lilidondosha maji, na mbwa wa muuza nyama, ambaye humfuata kila apitaye, aliona michirizi ile akarudi nyuma huku akinung'unika. Karani wa ofisi, Sampson Rosewarne, alifungua kufuli kwa ufunguo wake, akaifunga barua katika bahasha ya kwenda London, akatia lakiri. Ndivyo kanuni ilivyotaka. Jioni Digory alikaa motoni na mkono wake wa kulia bado umekufa ganzi. Aliunusa. Ulinuka bahari, lakini haikuwa ile bahari ya bandarini, ya lami na matumbo ya samaki. Ilikuwa harufu ya maji ambayo hayajawahi kuona jua.

Desemba alipata nyingine, ndani ya godoro ambalo baharia mwenyewe alilishona asubuhi ileile. Januari ikawa ndani ya kiatu, na kiatu kimo mguuni mwa baharia. Februari alichoma jibini zima la Lisbon, halijakatwa, na chuma kikatoka kinadondoka maji. Walipolipasua, barua ilikuwa katikati, imekunjwa vizuri, na jibini lenyewe kavu kote.

Hapo mabaharia wakaanza kuogopa kweli. Wale waliokuwa na barua zao za magendo wakazitupa baharini kabla ya kufika. Wengine walivua nguo zote Digory akiwa bado kwenye mashua, wakampungia mikono wapekuliwe upesi. "Mjomba, anza na mimi! Tafadhali, kama ninayo nitolee!" Ukitaka kujua hofu ni nini, mtazame baharia wa Falmouth akimwomba Mjomba Sindano amguse.

Naye Pascoe Uren hakuweza kukaa na siri yake. Alimwambia mkewe kwamba ile barua yake ilikuwa na jina la Jenifer Bolitho wa kijiji cha Mylor. Mume wa Jenifer alikufa kwa homa Barbados, na kabla ya kufa aliandika, na barua yake ilikuwamo katika mfuko wa Lamorran. Kutoka kwa mke wa Uren neno likafika gatini, na gatini alikuwapo Thomasine.

Mchana ule alimwekea mumewe mkate wa nyama na viazi, ila hakuondoka. Alikaa mbele yake.

"Digory, barua zile za maji zinatoka kwenye mfuko wa Lamorran."

"Maneno ya mabaharia hayo."

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Zinakuja moja moja. Ukiikuta ya Jory, utaniletea?"

Digory alitafuna polepole. "Mke wangu, kinachokamatwa nje ya mfuko..."

"Usinisomee sheria, nimelala nayo kitanda kimoja miaka ishirini na tano!" Alipiga meza, kijiko kikaruka. "Mwanangu aliilipia barua yake. Ina muhuri. Aliitia kwenye mfuko wa Mfalme kwa sababu yako wewe, ili wewe usiaibike. Haya, niambie, ni kifungu gani kinachoizuia kunifikia?"

Alitafuta kichwani mwake, na mtu huyu aliyezijua kanuni zote kwa moyo hakukiona kifungu hicho. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Siku hiyo ilimkata yeye, na jeraha lake lilikuwa geni kwake.

"Nitazigeuza," alisema hatimaye. "Nitasoma majina."

Thomasine akamsogezea chumvi.

Machi zilikuja mbili. Ya kwanza ilipatikana katika kofia ya mpishi, na Digory, mbele ya mabaharia wote walioduwaa, aliiinua juu akasoma jina. Ilikuwa ya mjane Grace Tresidder wa Penryn. Hakuitia sandukuni. Alitembea nayo mwenyewe hadi Penryn, maili mbili, akagonga mlango. Mjane alipomwona Mjomba Sindano kizingitini alidhani amekuja kumshtaki. Alipopokea barua na kuona mwandiko wa mwanawe, aliketi chini palepale mlangoni.

Wino haukuwa umefutika hata herufi moja. Hilo ndilo lililomshangaza kila aliyeiona. Mjane aliianika juu ya moto siku tatu, nayo ikadondosha maji jivuni usiku na mchana, tone baada ya tone, haikukauka wala haikuchanika. Majirani walikuja kuisikiliza. Alisomewa na binti yake, na binti alivaa glavu za sufu kwa ajili ya ile baridi.

Thomasine naye alikwenda Penryn kuiona. Aliporudi alikuwa na rangi usoni kwa mara ya kwanza tangu Septemba ile. "Inasomeka, Digory," alisema. "Neno kwa neno inasomeka." Usiku ule alifua kitambaa chake cha meza cha harusi akakianika, bila kusema ni cha nini.

Barua ya pili ya Machi ilikuwa ya mfanyabiashara wa Truro. Aprili ikaja meli moja haina kitu. Digory aliipekua saa tatu nzima. Alichoma kila kitu chenye tumbo, akawavua mabaharia viatu, akakata jibini lote vipande vipande, na mabaharia walewale waliomtemea mate zamani walimsaidia kutafuta, wakimwonyesha pembe alizozisahau. Haikuwamo. Wiki mbili baadaye ikaja nyingine, nayo kavu. Ya tatu vilevile.

"Mfuko umekwisha," alisema Hannibal Chegwidden, aliyekuwa katika meli hiyo ya tatu. Alisema kwa upole. "Ulikuwa mwembamba safari ile, Mjomba. Nadhani umekwisha."

Digory alikwenda moja kwa moja kwa Rosewarne. Barabarani jua lilikuwa linawaka, watoto wanacheza, na alijisemea kwamba zipo zile nne za mwanzo, za Novemba hadi Februari, alizozitumbukiza bila kusoma. Ataiandikia London. Wao wana kabati, wana makarani mia, watazirudisha.

"Bwana Rosewarne, zile nne nilizoleta kabla ya Machi. Nataka ziombwe London. Zina muhuri, zililipiwa, si za magendo."

Rosewarne aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. "Niliandika mimi mwenyewe kuuliza habari zake, mwishoni mwa mwezi wa pili," alisema. "Wamejibu kwamba bahasha zetu zilifika zimekuwa uji. Walizitia motoni. Wanalalamika kwamba zilichukua siku nzima kuungua."

"Majina uliyaona?"

"Niliyaona yote, ndiyo kazi yangu." Karani alimtazama kwa namna ambayo Digory hakuielewa. "Bwana Penaluna, kwa nini unaniuliza leo?"

"Kwa sababu sikuyaona."

"Hukuiona ile ya Januari?"

Digory alitikisa kichwa.

"Ilikuwa ya nyumbani kwako," Rosewarne alisema. "Bibi Thomasine Penaluna, Falmouth. Mwandiko mzuri, wa duara. Nilikuwa nimeishika juu ya meza hii, maji yananiingia kwenye mkono wa shati. Wewe umesimama pale mlangoni unavaa glavu. Nikakuuliza, Bwana Penaluna, hii pia? Ukasema bila kugeuka, zote. Bwana wee, nilidhani unajua! Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimemwona mtu asiye na damu mwilini. Naye mke wangu alidhani unajua. Ndiyo maana hatukuthubutu kumwambia mkeo."

Njia ya kutoka ofisini hadi nyumbani kwa Digory ni ya kupanda, na siku hiyo aliipanda kwa kusimama mara nyingi kama mzee wa miaka tisini. Kishawishi kilimjia, na mtu asimlaumu. Angeweza kusema haikuja. Angeweza kusema mfuko umekwisha, ya Jory imebaki chini na mwenyewe, wako pamoja. Ni uongo mzuri, na ungemlaza Thomasine usingizi. Ila miaka yote alikuwa amewabebesha wengine ukweli wake, mjane huyu na yatima yule, akiuona mwepesi kwa kuwa haukuwa mgongoni mwake. Safari hii ulikuwa wake. Aliuegemea ukuta wa jirani, kisha akaendelea kupanda.

Thomasine alikuwa jikoni, viazi viko motoni, naye anaparua samaki. Digory alimwambia yote akiwa amesimama, kofia kichwani. Hakuacha kitu, hata glavu alizitaja.

Kisu kilitulia juu ya samaki.

"Januari siku gani?"

"Jumanne. Ile ya ukungu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Jumanne ile mtu alikuja hapa," alisema. "Nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nikasikia miguu kizingitini, imelowa, chapa, chapa. Nikajua ni wewe. Nikapaza sauti bila kugeuka, nikasema, hebu futa miguu hiyo kabla hujaingia, nimechoka kusafisha matope yako!"

"Halafu?"

"Akasubiri. Nilimsikia anasubiri. Mimi nikaendelea na ndoo yangu. Nilipokwenda kufungua hapakuwa na mtu, ni dimbwi la maji tu, baridi kama barafu. Nikalipangusa na tambara." Aliutazama mlango. "Alikuja kwangu kwanza, Digory. Kisha akaenda kwako."

Digory alivuta kiti, lakini hakukikalia, alikishika tu mgongoni. Alisema jina la mwanawe, na tangu siku ile ya Chegwidden hakuwa amelitamka ndani ya nyumba hiyo.

"Uliishika kwa mkono gani?" Thomasine aliuliza.

"Nini?"

"Ile barua. Ulipoitoa kwenye kiatu cha yule baharia. Mkono gani?"

Alinyoosha wa kulia. Thomasine aliupokea kwa mikono yake yote miwili yenye magamba ya samaki, akaukunjua kiganja, akakitazama kwa makini, mstari kwa mstari, kama vile binti wa mjane wa Penryn alivyokuwa akitazama karatasi. Kisha akakilaza shavuni mwake na kufumba macho. Mkono ulikuwa baridi bado, ingawa moto ulikuwa hatua mbili kutoka hapo. Walikaa hivyo hadi maji ya viazi yakaisha na viazi vikaanza kuungua, na hakuna aliyekwenda kuviepua.